Tarehe Kwenye Chupa

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Hapa Nyamisangura tuko wazima, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike.

Unauliza kama bia iliyopitisha tarehe kidogo inauzika hapo dukani kwako.

Wakati dhahabu ilipovuma huku, nilikuwa na grosari ya bia karibu na machimbo. Siku moja mchimbaji aitwaye Marwa alipata dhahabu, akaja kununua kreti zangu zote awanyweshe wenzake. Nikaangalia chupa: muda ulikuwa umepita miezi miwili.

"Kaka, hizi zimeisha muda."

"Nani anasoma chupa huku?"

Nikammiminia glasi. Povu halikusimama, na bia ilinuka kama boksi lililolowa. Akasema polepole, "Dada, mimi sijui kusoma. Nionyeshe hiyo tarehe."

Tukakaa, kidole chake juu ya lebo, chupa baada ya chupa, mpaka akazijua namba zote. Sikuuza hata moja, lakini nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki iliyofuata Marwa alikataa kuweka dole gumba kwenye mkataba ambao tajiri mmoja alimletea ili akodi shimo lake. Aliona mwenyewe kwamba tarehe ya kurudishiwa shimo haikuwa ile waliyokubaliana.

Zitoe hizo bia rafuni, mama.

Bibi yako,
Robi