Kikao cha Kamati ya Ibada Kuhusu Karatasi ya Saba

KANISA LA NEEMA, SUNA
Alhamisi, 12 Juni 2025, chumba cha Sunday school, kuanzia saa kumi na dakika ishirini jioni

WALIOHUDHURIA
Mzee Jeremiah Wangwe – Mwenyekiti
Mchungaji Stanley Otuoma
Mama Truphena Akeyo – Mlezi wa kwaya
Ndugu Maroa Chacha – Kiongozi wa vijana
Mellen Bonareri – Katibu

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Shemasi Ondieki, baba yake Katibu (amekwenda Isebania kununua mbegu). Kwa kanuni ya kamati, atapewa nakala ya kumbukumbu hizi Jumapili kabla ya ibada.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Ndugu Maroa aliomba kwa kirefu. Mwenyekiti alisema Mungu amesikia, tuketi.

KUMB. NA. 2/6/2025: KARATASI YA SABA
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumapili tarehe 8 Katibu alisoma maombi kutoka kwenye sanduku, bila majina, kama afanyavyo kila wiki. Karatasi zilikuwa saba. Sita ziliombewa. Ya saba ilisema: "Niombeeni. Nampenda msichana mwenzangu. Nimeomba miaka miwili mapenzi haya yaniondoke na hayajaondoka. Bado naimba. Mungu ananisikia?" Minong'ono ilianza, mpiga kinanda akaanza wimbo wa sadaka, na karatasi hiyo haikuombewa.

Mama Truphena alieleza kwamba yeye hukaa kiti cha mbele, na Katibu alipoinua karatasi aliona noti za solfa kwa nyuma. "Hicho ni kipande cha karatasi ya sauti ya alto. Mimi ndiye nilitoa fotokopi. Na alto ni watano pekee." Alipendekeza karatasi za alto zikusanywe kwenye mazoezi ya Jumamosi. Itakayokuwa imekatwa kipande, mwenyewe amejulikana, na asipande gari la kwenda Homa Bay kwa ibada ya kwaya zote mpaka atubu.

Ndugu Maroa aliunga mkono na kuongeza kwamba wazazi waambiwe. Alisema hizi mambo zinatoka kwa simu. "Leo msichana anapenda msichana, kesho atasema yeye ni kijana wa kiume, na sisi tutakuwa tunapiga tu makofi."

Mchungaji alisema mafundisho ya kanisa hayajabadilika na si yeye atakayeyabadilisha: ndoa ni ya mume na mke. Lakini aliyeandika aliomba maombi, hakuomba ruhusa, na moyo unaosumbuka si tendo. Mama Truphena aliuliza Mchungaji yuko upande gani. Mchungaji alijibu kwamba yuko upande wa sanduku. Tukimwinda huyu, hakuna atakayetia kitu humo tena, hata mwanamume anayetaka kuombewa aache pombe. Ndugu Maroa aliuliza kama hiyo ilikuwa inamlenga mtu. Mwenyekiti aliwarudisha kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/6/2025: MWENYE KARATASI
Kabla ya kura, Katibu aliomba kusema. Hii ni mara yake ya kwanza kuomba kusema tangu achaguliwe mwezi wa Januari. Alisema karatasi za alto zisikusanywe, maana wanne wataogopeshwa bure. Karatasi ni yake.

Mama Truphena aliuliza, "Yako gani?"

Katibu alisema ile ya saba.

Katibu hakuangalia saa, kwa hiyo muda wa kauli hiyo haukuandikwa.

Ndugu Maroa aliuliza huyo msichana mwingine ni nani. Katibu alijibu kwamba hilo halikuwa kwenye karatasi, na huyo msichana mwenyewe hajui kuwa anapendwa. Aliulizwa pia kwa nini alisoma ya kwake mbele ya watu. Alijibu kwamba alitaka iombewe kama zile zingine.

Mama Truphena alisema, "Nyathiwa, mtoto wangu, mimi nimekufundisha kuimba tangu darasa la tano. Si ungekuja kwangu?" Katibu alisema alikuja, mwezi wa nne. Mama alikuwa akipika chapati za wageni, akamwambia aseme haraka. Mama Truphena alisema hakumbuki. Baadaye alisema anakumbuka chapati.

Ndugu Maroa alikumbusha kanuni kwamba mjumbe anayejadiliwa hutoka nje. Katibu alisimama. Mwenyekiti aliuliza sasa nani ataandika. Mama Truphena hakuwa na miwani. Mchungaji alisema hawezi kunena na kuandika kwa pamoja. Ndugu Maroa alipewa kalamu, akairudisha, akasema hataki jambo hili lionekane kwa mwandiko wake. Mwenyekiti alisema basi, tukiogopa kuliandika tusiliseme, na Katibu akae. Katibu alikaa.

KUMB. NA. 4/6/2025: UAMUZI
Mwenyekiti alieleza jambo ambalo wajumbe hawakuwahi kulisikia. Alizaliwa kwenye nyumba ya wanawake wawili. Kwao Kuria, mjane asiye na mtoto wa kiume alimwoa mama yake Mwenyekiti kwa ng'ombe, ili nyumba isife. Kanisa la huko lilimchelewesha ubatizo miaka mitatu kwa sababu fomu ilitaka jina la baba.

Mama Truphena alisema, "Mzee, hiyo si kitu moja na hii. Hiyo ilikuwa ya kupata watoto, haikuwa ya mapenzi."

"Sijasema ni moja," alisema Mwenyekiti. "Nasema najua vile mtu husimama nje ya mlango wa kanisa, na watu wako ndani wanamjadili kama ataingia."

Iliamuliwa:

(a) Karatasi za alto zisikusanywe. Wote walikubali.

(b) Katibu ataimba Homa Bay, mstari wa nyuma. Ndugu Maroa alipinga na aliomba iandikwe hivyo. Mama Truphena alikubali, akisema alto bila Mellen ni watu wanne wanaotafuta noti gizani, na iandikwe kwamba amekubali kwa ajili ya wimbo peke yake.

(c) Mchungaji atakuwa akizungumza na Katibu, Katibu akitaka. Katibu alisema atafikiria.

(d) Kuhusu Shemasi Ondieki. Ndugu Maroa alitaka apigiwe simu hapo hapo. Katibu aliomba asipigiwe. Mwenyekiti alisema kanuni ni kanuni, nakala itamfikia Jumapili, ila baba asisome kwenye karatasi kitu ambacho mtoto wake hajamwambia kwa mdomo. Mchungaji alijitolea kumsindikiza Katibu. Katibu alishukuru, akasema ataenda peke yake.
Mtekelezaji: Katibu. Muda: kabla ya Jumapili.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA
Mama Truphena aliombea mvua na dereva wa Homa Bay. Kisha akaongeza, "Na Mellen, Bwana, wewe unajua," akasema amina. Watu waliondoka saa kumi na mbili na dakika tano. Mwenyekiti alibaki kupanga viti vya watoto.

TAARIFA YA UTEKELEZAJI
4(d): Limetekelezwa Jumamosi asubuhi, zizini. Baba alisikiliza akiwa amechuchumaa, na hakuacha kukama. Aliuliza tulikuwa wangapi kwenye kikao. Nilimwambia watano. Akasema, "Na mimi sikuwepo." Kisha akanipa ndoo niibebe, akatembea kando yangu mpaka nyumbani.

Sahihi:

J. Wangwe, Mwenyekiti ....................

M. Bonareri, Katibu ....................