Dirisha Nililoliziba kwa Matofali

Kashojwa, Kambi ya Wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Miguu yako inaendelea namna gani? Na mihogo ya huko Baraka, imeota? Huku tuko wazima, mimi, Mama Esta na watoto, ila kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Unajua namna tulivyotoka nyumbani: wale watu wenye bunduki waliingilia dirishani. Kwa hiyo nilipojenga hapa, dirisha la chumba cha kulala nililiziba kwa matofali, nikapaka udongo hata pasibaki tundu. Mama Esta alilalamikia joto, nikamwambia atazoea.

Mwaka huu akaja binti mwanafunzi kutoka Mbarara, jina lake Ankunda. Yeye na wenzake wa chuo wanapima nyumba za vijiji vyetu, wakitafuta gesi inayoitwa radoni. Inatoka chini, kwenye udongo na mawe. Haionekani wala hainuki, lakini ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta kansa ya mapafu. Alituachia kikopo cheusi cha plastiki, kidogo kama kibiriti, akasema, "Hapana gusa. Wacha hapo miezi tatu." Majirani walisema ni kinasa sauti. Hata mimi niliogopa, lakini Mama Esta alikiweka juu ya kabati, akakilinda kama yai.

Majibu yalipofika, nyumba yetu ilikuwa imezipita zote za jirani kwa wingi wa gesi. Ankunda akautazama ukuta, akauliza, "Mzee, dirisha iko wapi? Hewa napita wapi?"

Aliyejibu ni Mama Esta: "Aliifunga sababu ya vita."

Binti hakunicheka. Alisema tuzibe nyufa za sakafu na tuache hewa ipite, maana gesi ikikosa njia inajaa ndani. Alipoondoka, Mama Esta akaniambia polepole, "Baba Esta, bale batu habako huku. Ile gesi iko, na batoto banalala nayo."

Mama, siku tatu niliupita ukuta ule bila kuugusa. Siku ya nne asubuhi nilichukua jembe, nikabomoa mwenyewe. Nilipotoa tofali la mwisho, kichwa cha mtu kikatokea nje. Nikainua jembe. Kumbe ni Mama Odeta, jirani yetu Mrundi, anarudisha ungo. "Amahoro," akasema, ndiyo amani kwa lugha yao, akaupitisha dirishani. Nikaupokea, nikakaa chini, nikalia mbele ya watoto.

Sasa nimeweka dirisha la mbao, na sakafu tumeipiga saruji. Ankunda ameacha kikopo kingine. Majibu bado, sijui kama gesi imepungua. Esta anaandikia kazi za shule pale penye mwanga. Mimi nakaa karibu naye nikiambua maharage, nimeligeuzia dirisha mgongo.

Umsalimie dada yangu anayekutekea maji, mjomba mchungaji, na yule jirani aliyetusaidia kumzika Baba.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Elia