Sufuria ya Kilimani

12 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu tele kutoka huku juu. Mimi mzima, ila magoti yananisema kila nikiinua ndoo. Wewe je? Unakula, au bado unashinda na chai tu huko ofisini? Simu ningepiga, lakini mtandao unashika nyuma ya choo tu, na pale majirani wote wanasikia mambo yangu. Dereva wa boza la maji atakuletea barua hii akishuka kujaza.

Sasa cheka kidogo. Juzi walikuja vijana na vishikwambi, wakapita mlango kwa mlango. Niliwaona wakiwa bado chini, nikajua hawa ni watu wa bomoabomoa. Nikaipiga ile sufuria kubwa ya harusi yangu, na mtaa mzima ukaelewa. Nguo zikaanuliwa, milango ikafungwa, watoto wakazibwa midomo kwa pipi. Mwalimu mstaafu alijificha kwenye banda la kuku! Vijana walibisha hodi mpaka wakachoka, wakaenda zao. Mama yako bado yumo.

Na usiniambie tena nihamie kwako. Nyumba hii marehemu baba yako aliijenga kwa mikono yake, siiachi.

Mama yako

19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na nakula, usihofu. Barua yako niliisoma mezani kwangu, ofisi ya maji, nikacheka mpaka nilipofika kwenye vishikwambi. Mama, wale vijana ni wetu. Niliwatuma mimi.

Walikuja kuhesabu watu. Jiji linapanuka kila upande, na ofisi inakopa fedha za kupeleka bomba kuu upande mmoja tu kwa sasa. Mkopo unalipwa na bili za watakaopata maji, kwa hiyo bomba linafuata watu. Kwenye taarifa yao kilima chetu kina nyumba nyingi zisizo na wakazi! Mkurugenzi ameshaelekea upande wa bondeni. Nimemwomba hesabu irudiwe, akakubali kwa shida, maana anajua ni kwetu.

Tukiachwa safari hii, zamu yetu nyingine itakuja mimi nikiwa na mvi. Magoti yako hayatasubiri. Nitakuja kukuchukua, utake usitake. Tafadhali, iweke mbali hiyo sufuria.

Jumamosi nitakuja na madumu mawili ya maji kama kawaida.

Mwanao

3 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kwa madumu. Mgongo wako umepona? Mimi naendelea, ila nina aibu mpaka utosini.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia watoke wakihesabiwa. Wananicheka. "Juzi tujifiche, leo tutoke. Shika moja, mama." Mwalimu naye amesikia kwamba kuunganishiwa maji ni malipo mazito, ya mkupuo. Anasema bora aendelee na boza. Hata mimi nilikasirika. Hilo bomba linalopita mbele ya nyumba unayopanga, nani alililipia? Wewe ulilikuta tu! Sisi ndio tubebe letu peke yetu?

Dereva ameipokea barua hii shingo upande. Kaniuliza, "Bomba likija, mimi nitakula wapi?"

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo umepona. Hasira zako nimezibeba hivyohivyo mpaka kwenye kikao. Nikauliza: bomba la mjini alililipia nani? Mhasibu akasema lililipwa kidogokidogo na jiji zima, zamani, pamoja na waliokuwa hawajapata maji.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wamekubali kila bili ya jiji iongezwe kidogo, na gharama ya kuunganisha igawanywe ndani ya bili zenu, polepole. Lakini upande gani upewe bomba, hesabu ndiyo itaamua. Wahesabuji wanakuja Alhamisi. Naogopa, Mama. Niandikie.

Mwanao

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Boza limekuja mara mbili bila barua yako. Dereva anasema uko salama, basi, hasemi zaidi. Umenikasirikia?

Taarifa imefika leo asubuhi. Wahesabuji wameandika kwamba walipokuwa chini walisikia sufuria ikipigwa, wakataka kurudi wakidhani watu wanajificha tena. Kisha milango ikafunguka. Kila nyumba watu wamesimama nje, na mwalimu ndiye aliyekuwa anapanga mstari. Nimelia mbele ya mkurugenzi, sikujali. Bomba linakuja kwetu!

Mwanao

30 Novemba

Kitindamimba wangu,

Salamu za furaha. Mimi mzima, na magoti yamenyamaza kidogo. Sikuwahi kukukasirikia. Majirani waliposikia gharama itagawanywa, tulikubaliana safari hii sufuria ikilia watoke. Nilitaka usikie habari kwa watu wako kwanza, wasije wakasema tulipanga.

Barua hii anakuletea fundi wa mabomba, maana boza halipandi tena huku. Dereva sasa anapeleka maji ng'ambo ya kilima, watu wameanza kujenga kule. Nimewaazima sufuria, na nimewaeleza ipigwe kwa ajili gani.

Umesema bili yako imepanda na mwenye nyumba ananuna. Mwambie maji ya kwetu ni matamu. Nimefungua bomba jikoni asubuhi, nikasimama tu nayatazama. Baba yako angekuwepo, angelifunga na kulifungua siku nzima.

Njoo Jumamosi. Njoo mikono mitupu.

Mama yako