Mashimo Matatu kwa Kamba Kavu

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na Mama, ambaye najua amekaa karibu na Sekela wakati barua hii inasomwa na anamwambia dada yangu apunguze mbio. Mimi ni mzima. Magoti yote mawili yapo mahali pake, na chakula cha huku kinashuka, ingawa ugali sijauona tangu nifike. Wewe hujambo na kifua chako na baridi hii ya Mbozi? Sekela aliniambia kwamba umeanza tena kutoka alfajiri bila koti kwenda kuangalia kahawa. Baba, kahawa haiendi popote. Vaa koti.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako unaishika mbali na sikio kana kwamba inauma, halafu unasema "haya, tumesikia" kabla sijamaliza kusalimia. Jambo nililo nalo halitoshi kwenye "haya, tumesikia." Nataka ulisikie lote, tena mara mbili ukipenda. Barua nitampa daktari wa timu yetu anayerudi Dar es Salaam, na mdogo wake ni dereva wa basi la Tunduma. Sekela ataipokea stendi, na Jumamosi akishafunga kibanda chake cha vitenge atapanda nayo nyumbani.

Kama ujuavyo, huu ni mwaka wa pili niko kule ng'ambo, jangwani. Mchana nabeba maboksi ghalani, jioni naruka kwenye klabu yao. Kule mvua ni habari ya kusimuliwa. Majuzi nikaitwa na timu ya taifa, tukaja huku Ulaya kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mimi, Baba, niliyeanza kuruka pale shuleni kwenye shimo la mchanga uliochanganyika na maganda ya mahindi. Huku bado nipo, nakuandikia asubuhi kwenye chumba cha hoteli, na dirishani kuna mvua nyembamba isiyokwisha.

Unakumbuka tulivyoagana nilipokwenda jangwani. Nilikuwa nimeshafunga begi, wewe umekaa kwenye kigoda unachambua kahawa, hata hukuinua uso.

"Kuruka siyo kazi," ulisema. "Mbuzi naye anaruka."

"Baba, huko watu wanapima."

"Haya, na mimi nipime. Ukiruka unavuka mashimo mangapi ya kahawa?"

Nikakujibu kwamba mawili navuka, na zaidi kidogo. Ukacheka. Ukasema kutoka shimo hadi shimo ni futi tisa, tangu kwa babu yangu, na kwamba siku nitakayovuka matatu mbele ya watu wenye kupima, utasimama kanisani pale misheni, mzee wa kanisa mzima, uwaambie watu kwamba kuruka ni kazi. "Pungufu ya hapo," ukasema, "nimezaa mbuzi." Mama akakukemea. Halafu ukaingia stoo ukatoka na kamba yako ya katani, ile yenye mafundo ya kupimia mashimo, ukaniwekea mkononi. Baba, hilo ndilo nililoliwaza kwenye ndege ya kuja huku, safari nzima. Medali niliwaachia wenye nazo. Mimi nilitaka mashimo matatu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Mrukaji anaanzia mbali, anakimbia, na mguu wa mwisho lazima ukanyage ubao mweupe uliolala kabla ya mchanga. Ukikanyaga nyuma ya ubao umejiibia mwenyewe. Ukipitiliza hata kwa kucha, bendera nyekundu inainuliwa na mruko haupimwi kabisa, hata kama umeangukia Zambia. Kwa hiyo kila mtu anapima mahali pa kuanzia, anaweka alama yake kando ya njia. Wenzangu wanatumia futikamba. Mimi tangu jangwani natumia kamba yako: mafundo kumi na tano kutoka kwenye ubao, na kiatu kimoja. Haijawahi kunikosea.

Siku ya mchujo mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Begi langu lilikaa chini kwenye majani wakati tunapasha mwili, na mimi sikulitazama. Mwalimu wetu ni mama mmoja wa Singida, mkali, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye haruhusiwi kuingia uwanjani, anasimama nyuma ya uzio. Akaniuliza kwa mbali, "Umepima kwa futikamba?"

"Nimepima kwa kamba, Mwalimu!"

Akasikia alichotaka kusikia, akainua dole gumba.

Tulipewa miruko mitatu kila mmoja. Wa kwanza nikakimbia, nikahisi ubao umekuja mapema, nikajaribu kuifupisha hatua, wapi. Bendera nyekundu. Mwalimu akapiga kelele, "Yoeli! Rudi nyuma unyayo mmoja!" Mimi nikamtikisia kichwa kwa adabu, nikabaki pale pale. Nilijisemea: kamba ya Baba haikosei, wenye kosa ni miguu. Huo ni ukaidi wa kurithi, na Mama anajua nimeurithi kwa nani.

Mruko wa pili, Baba, sijawahi kuruka vile na sijui kama nitaruka tena. Nilikaa hewani mpaka nikapata nafasi ya kufikiri. Kando ya mchanga kuna vibao vya kuonyesha mita, na nilipoinuka nikaona alama yangu imepita kibao cha nane kwa kiatu kizima. Mashimo matatu yako, nilishayapiga hesabu zamani, ni mita nane na kiatu kizima. Nilipiga kelele kwa Kinyiha, sijui hata nilisema nini. Nikageuka. Mwamuzi ameinua nyekundu.

Akaja mtu na reki akausawazisha mchanga, taratibu, kama anayeandaa kitalu. Nilisimama pale nikimwangalia akiyafuta mashimo yangu matatu. Hakuna aliyeyaandika popote.

Nikarudi kwenye benchi. Sasa umebaki mruko mmoja, na nikikanyaga tena, jina langu litaandikwa bila namba yoyote mbele yake. Si mashimo mawili, si moja. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Mzambia mmoja mrefu ambaye asubuhi, aliposikia natoka Songwe, alinisalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani, mukwai!" na kuniambia shangazi yake ana duka Nakonde, na kwamba yeye chipsi za Tunduma anazijua kuliko mimi. Alikuwa mpole sana. Nilipofungua begi kutafuta taulo, kamba ikaning'inia nje.

"We mukwai," akasema, "umekuja na kamba ya ng'ombe?"

Nikaishika niirudishe ndani. Ilikuwa nzito; wakati wa kupima nilikuwa na haraka, sikulihisi hilo. Ngumu, imejikaza, upande mmoja inadondosha maji. Nikabaki nimeishika vile vile, na sauti niliyoisikia kichwani ilikuwa yako: "Kamba mbichi ni shahidi wa uongo."

Hilo neno ulilisema mwaka niliomaliza kidato cha nne. Ulikwenda Vwawa kwenye mkutano wa kanisa, ukatuachia mimi na kaka Ambakisye mstari mmoja tu wa kupima, ule wa karibu na kijito. Kamba tuliiacha nje ikanyeshewa usiku kucha, asubuhi tukaitumia hivyo hivyo. Uliporudi ukasimama mwanzoni mwa mstari, ukafumba jicho moja, ukakuta mashimo yetu hayaonani na ya mistari jirani na kwamba tumepata shimo moja la ziada. Katani ikilowa inajikunja na kufupika, ukatufundisha, lakini tulikuwa tumeshachimba. Ukapanda hivyo hivyo, ukauita Mstari wa Yoeli, kana kwamba Ambakisye alikuwa Lusaka siku hiyo. Tangu hapo hakuna mgeni aliyepita bila kuonyeshwa mstari wangu. Hata mchungaji ameonyeshwa.

Basi, Baba, uwanjani mbele ya dunia nzima nimefanya kosa lile lile, kwa kamba ile ile. Ilikuwa imejikunja, ikanianzisha karibu mno, nami nikawa naulaumu mguu.

Nilikimbia mpaka kwenye uzio. "Mwalimu, naomba futikamba."

"Si ulisema umepima kwa futikamba?"

"Nilisema kamba."

Alinitazama. Nadhani kama uzio usingekuwepo ningepigwa kofi la mama. Akatoa futikamba mfukoni akanirushia. "Pima. Halafu ruka. Halafu tutaongea."

Nikapima. Alama yangu ikarudi nyuma kwa kiatu kizima na zaidi. Mruko wa tatu nilikimbia kwa woga kidogo, sikufichi. Niliikanyaga nusu ya nyuma ya ubao, salama, nikaruka, nikaanguka. Nilibaki nimekaa mchangani sitaki kugeuka. Mzambia ndiye aliyeitazama bendera akapiga kelele, "Nyeupe! Nyeupe, mukwai!" Wakapima. Mita saba na sentimita themanini na nane.

Haikutosha kuingia fainali. Mzambia aliingia, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nikaenda nyuma ya hema la kubadilishia nguo nikalia, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye sababu ya barua. Siku mbili nimekuwa nikitafakari nikuambie nini. Ningeweza kukuandikia ule mruko wa pili. Ulikuwepo, niliuona kwa macho yangu, ulivuka matatu, na nani kutoka Mbozi angekuja huku kuuliza? Lakini ulisema mbele ya watu wenye kupima, na ule haukupimwa. Kwa hiyo nakuandikia wa tatu.

Kamba nimeianika karibu na dirisha siku mbili, nikiigeuza kama unavyogeuza kahawa kwenye kichanja. Jana ilipokauka kabisa nikaitandika kwenye korido ya hoteli. Mama wa usafi akaniruka na ndoo yake, akacheka. Nikapima mafundo matatu, halafu nikapima mruko wangu kwa futikamba ya Mwalimu. Nimepungukiwa, Baba. Shibiri moja na nusu. Kwa mistari yako iliyonyooka, umezaa mbuzi.

Nikakunja kamba nimeinamisha kichwa. Ndipo nikakumbuka maneno unayowaambia wageni, mwaka hata mwaka, ukiwa umeegemea jembe: "Katika mstari huu wa Yoeli, kila nafasi imepungua nusu shibiri. Nimepima mwenyewe." Nikasimama pale pale kwenye korido. Nusu shibiri, mara tatu.

Sekela anasema baada ya mavuno haya unataka kuung'oa mstari ule, upande upya ulingane na mingine. Nakuomba kitu kimoja. Kamba nimeifunga pamoja na barua hii. Iache juani kutwa nzima kwanza, unajua mwenyewe kwa nini. Kisha mwite Ambakisye akushikie upande wa pili, mwende kijitoni, upime kutoka mche wa kwanza wa Mstari wa Yoeli hadi wa nne. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kamba pale mruko wangu ulipoishia. Usimwamini Ambakisye, pima mwenyewe. Uzi ukiishia kabla ya mche wa nne, ung'oe mstari wote na mimi nitakusaidia kuchimba. Lakini uzi ukigusa shina, Baba, basi nimevuka matatu, mbele ya watu wenye kupima, kwa mashimo uliyoyapanda wewe mwenyewe. Hukusema mstari upi.

Nisalimie kaka Ambakisye na mke wake; mwambie safari hii asiache kamba nje. Nisalimie shangazi wa Ibaba atakapokuja na maharage, na mama mkwe wa Ambakisye anayeniombea kila Jumapili ingawa ananiita Yona. Dada Sekela, asante kwa kusoma. Umesoma vizuri, hata pale ulipocheka. Mama, nimenenepa, usihangaike. Kesho kutwa narudi jangwani kwenye maboksi na mchanga, na futikamba nimenunua.

Wewe Baba, vaa koti kabla ya kutoka kwenda kupima.

Ni mimi mwanao, mbuzi au mfanyakazi, kamba itasema,

Yoeli