Walikumalizia Shule Siku ya Mazishi

Mama,

Umepata cheti. Kimekuja ukiwa ndani ya sanduku, huko kwenu Naitiri, na aliyekupa ni kaka yako mwenyewe.

Mjomba alishika maikrofoni akasoma wasifu wako, na alipofika kwenye elimu akatangaza kwamba ulimaliza kidato cha nne na ukapita vizuri. Unawajua watu wenu wanavyoona aibu kumzika mtu bila masomo. Nikataka kusimama, mama mdogo akanifinya paja. "Nyamaza, usituaibishe mbele ya wageni." Mimi ambaye kunibeba mimba ndiko kulikokutoa shule kidato cha pili, ati ninyamaze!

Mgeni mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya basari, zile pesa za kusaidia karo. Yule yule. Chuo cha ufundi pale Kitale kilikuwa kimeshakukubali usomee ushonaji, ukafunga kibanda chako cha kushonea pale Matisi ukamwendea umevaa sweta yako ya kanisani. Akakuambia, "Mama, hii pesa ni ya watu wako na cheti cha fomu foo. Wewe enda ulee wajukuu." Wajukuu gani? Hata mchumba sikuwa naye. Ulirudi ukanisimulia ukicheka, ukacheka mpaka ukalia.

Siku ya kukuzika akasimama, tumbo mbele. "Huyu mama na masomo yake yote, angekuja kwangu si ningemsaidia, bana?" Makofi. Akatangaza basari yenye jina lako, ya akina mama wanaotaka kurudi chuoni. Nami nikapiga makofi, mjinga mimi.

Juzi Nekesa, jirani yetu uliyemfundisha kukata kola, aliifuata hiyo basari. Unajua yeye aliishia darasa la nane. Wakamwambia alete cheti cha fomu foo, "hata marehemu mwenyewe si alikuwa nacho?" Wanamfukuza kwa jina lako, Mama. Na wewe umelala tu huko, huwezi hata kuwatukana. Nimekukasirikia kwa hilo, Mungu anisamehe.

Jumamosi ni kumbukumbu yako. Watakuja wote, na mwenyekiti hatakosa kwa sababu kuna ng'ombe. Nitasimama kabla nyama haijapakuliwa, Nekesa kando yangu. Nitamwonyesha mwenyekiti kwa kidole, niseme ulimwendea ukiwa hai na akakufukuza kwa kukosa cheti hicho hicho.

Lala, Mama. Nakuahidi nitakurudisha kidato cha pili, mbele yao wote.

Binti yako.