Baba Alitaka Kuona Mbega

Jumamosi, 7 Aprili 1973

Shule zimefungwa. Nimemtia Baba dawa ya macho, asubuhi na jioni kama kawaida. Anakunja uso kama mtoto. Daktari alisema presha ya macho ikishakula haitapiki, tulinde kilichobaki. Leo, katikati ya uji, Baba akasema, "Nataka kuona mbega kabla macho hayajafunga."

Ujanani alipasua mbao kule Elburgon, pembeni ya msitu wa Mau. Mbega walikuwa juu ya kichwa chake kila siku, wale kima weusi wenye joho jeupe. Hapa Nakuru, kwenye mbuga ya ziwa, huruhusiwi kushuka garini, na gari lenyewe hatuna. Basi ni msitu wa Mau, kwa miguu, alfajiri. Lazima tulale karibu. Wapi, kwa mshahara wa mwalimu?

Jumatano, 11 Aprili

Nilienda Elburgon peke yangu kutafuta chumba. Mvua, matope mpaka magotini. Lojingi ya kwanza iko juu ya baa. Ngazi yake kama ya kupandia darini. Mwenyewe, Singasinga mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, mzee wako ataanguka hapa," akasema. "Mimi sitaki pesa ya namna hiyo." Nyingine ni chumba kimoja tu, wamejaa madereva wa malori ya magogo. Molo kuna hoteli iliyoachwa na masetla wa Kizungu. Nilipotajiwa bei nilicheka. Nyumba ya wageni ya idara ya misitu iko pazuri kabisa, ila paa linavuja. Karani kasema nirudi Agosti.

Nyumba ya dada yangu Wambui iko mwisho wa barabara ya kiwanda cha mbao. Ua wake unapakana na msitu. Hatujasemezana tangu tulipomzika Mama, tulipogombana Baba akae kwa nani. Nilishinda mimi. Leo niliona nguo zake kwenye kamba. Moshi jikoni.

Nikapita.

Jumapili, 22 Aprili. Pasaka.

Baba kauliza kama nimepata mahali. Nikamwambia Agosti, paa likishatengenezwa.

"Agosti ni mbali."

Nilikasirika. Nikamwambia si mimi niliyetoboa hilo paa. Hakumtaja Wambui. Mimi pia sikumtaja. Tulikula kuku.

Alhamisi, 28 Juni

Baba kamwaga chai. Kikombe kilikuwa mbele yake, mchana, dirisha wazi. Nikapunga mkono karibu na uso wake.

"Najua unapunga," akasema. "Nasikia upepo."

Tumerudi kutoka hospitali. Hakuna la kufanya tena.

Aprili alikuwa anaona. Aprili alinionyesha kunguru juu ya paa la jirani. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumanne, 14 Agosti

Sikwenda kwa karani. Nilienda kwa Wambui. Nilibisha hodi. Alifungua akiwa na unga mikononi, akanitazama viatu kwanza. Nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama mlangoni. Macho ya Baba. Lojingi. Karani. Nilivyopita hapa Aprili.

"Nyambura," akasema, "ulizunguka Elburgon yote unatafuta kitanda?"

"Ndiyo."

"Na hapa kwangu kuna vitanda."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaketi, akalia kwenye aproni, unga ukamjaa usoni. Kisha akasema nimlete Baba kesho, awasikie mbega hata kama hawaoni.

Alhamisi, 16 Agosti

Tulitoka kukiwa na ukungu, Wambui mkono wa kulia wa Baba, mimi wa kushoto. Baridi kali. Hatukufika mbali. Mbega walianza kunguruma wenyewe, kundi moja, halafu lingine ng'ambo ya bonde, mpaka kifua changu kikatetemeka. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho. Baba alisimama akavua kofia.

Nikawaona. Watano au sita juu ya mti mkubwa, mikia myeupe ikining'inia. Mmoja akaruka, joho likafunguka hewani. Nikaanza kumweleza. Maneno yangu yalikuwa mabaya, kama ninasoma kitabu cha darasa la tatu.

"Nyamaza kidogo, mama," Baba akasema. "Unawazidi kelele."

Nilinyamaza. Baadaye akacheka. "Mama yenu alipoolewa, siku ya kwanza akisikia hao, aliingia chini ya kitanda. Alidhani ni chui."

Wambui alicheka sana. Mimi nilijaribu. Ningemleta Aprili angemwona yule aliyeruka. Hilo halitaniacha.

Ijumaa, 17 Agosti

Baba anataka kubaki hapa. Alisema akinywa chai, bila ukali. "Nakuru nasikia redio za watu tu." Wambui alinitazama, akangoja. Nilidhani angefurahi kunishinda. Hakufurahi. Nikasema sawa. Nimemfundisha Wambui kumtia Baba dawa ya maumivu ya macho, matone mawili, kichwa nyuma.

Jumapili, 19 Agosti

Nakuru, Section 58. Nimefika nyumbani mchana, peke yangu. Nimefua shuka za kitanda cha Baba. Jua lilikuwa kali, zimekauka mapema. Nimezikunja. Sijazitandika.