Hita ya Gari la Baba

Kitale,
14 Juni.

Kwa dada yangu Nekoye,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai wewe, shemeji na Ivy mko wazima hapo Kanduyi, na kwamba goti lako sasa linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa bila kuguna. Huku tupo. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye hata kadi za Krismasi ulikuwa ukimwandikia wewe. Ningepiga simu, lakini tangu mwaka jana ukiona simu ya Kitale huwa unashtuka. Tena kwa simu ningesema nusu, nikate, kisha nisingizie chaji.

Habari kubwa ni kwamba Pijo ya Baba, lile gari lake la zamani, iko kwangu karakana. Sehemu ya mbele nimeinyoosha, na boneti nimepata ya gari lingine, ya kijani, nitaipaka rangi nyeupe. Wiki hizi mbili nimekuwa nikibadilisha rejeta ndogo ya hita. Kazi hiyo humliza fundi, dada. Rejeta yenyewe ni ndogo kuliko Biblia ya Mama, lakini imejificha nyuma ya dashibodi, na huifikii mpaka ung'oe kila kitu: usukani, redio, nyaya, skrubu ambazo hazijaguswa tangu kabla sijazaliwa. Maji ya moto ya injini hupita humo, feni inapuliza, joto linaingia ndani na kukausha ukungu wa kioo cha mbele. Hilo la kioo ulikumbuke.

Chini ya dashibodi nilikuta peremende tatu za Baba, zile za mnanaa, zimegandana na karatasi zake. Niliketi kwenye sakafu ya gari nikalia. Kevin, ninayefanya kazi naye, alizima redio ya karakana akaenda kunywa chai.

Sasa turudi nyuma. Mwaka jana mwezi wa tano Baba alileta gari akilalamika ati hita inavuja, maji yanamdondokea Mama miguuni. Nilimwambia ni uzee tu, rejeta imechoka, tutabadilisha. Lakini ya gari la zamani vile haipatikani Kitale, ni kuagiza Nairobi, na kung'oa dashibodi ni kazi ya siku mbili, nami nilikuwa na lori la mtu linanisubiri. Nikafanya tunavyofanya mafundi wengi wa huku: nilizichomoa hosi mbili, mipira inayopeleka maji kwenye hita, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, nikakaza klampu zake. Maji hayaendi tena kwenye hita, basi hayavuji. Dakika kumi. Magari mengi ya zamani hapo Bungoma yako hivyo, maana nani anataka hita kwenye joto lile? Lakini Baba alikuwa akiishi Kitale.

Kosa si hosi. Kosa ni kwamba aliponiuliza kama hita inafanya kazi, nilimjibu iko sawa, Baba, baridi ikija uiwashe tu. Nilipanga kuitengeneza vizuri kabla hajagundua. Mzee alifurahi, akaniletea jogoo, akawaambia hata watu wa kanisani kwamba Jotham amemtengenezea hita. Jogoo huyo nilimla, Nekoye, mpaka firigisi.

Asubuhi ile ya Julai unaijua kuliko mtu yeyote. Wakwe wa Ivy walikuwa wanakuja kwako kwa mazungumzo ya mahari, Mama alikuwa ametangulia kukusaidia kupika, ukampigia Baba alfajiri ukamhimiza aondoke mapema. Aliondoka peke yake na tai yake shingoni, mvua na ukungu, na karibu na daraja la Kamukuywa akaingia chini ya trela ya miwa iliyosimama kando ya barabara.

Jepchumba, yule mama wa maziwa aliyekuwa akingoja kuvuka, alituambia alimwona mzee nyuma ya kioo akipunga mkono, huku na huku, kabla tu ya kugonga. Sote tulilia. Pasta akahubiri mazishini kwamba mtu wa Mungu alijua saa yake imefika, akatuaga. Mama ameushikilia mkono huo mpaka leo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, baba mdogo Makokha alisimama akauliza kama ilivyo desturi yetu: aliye na neno na marehemu alitoe leo, maana tukishanyoa hatutalifukua. Ukasimama wewe. Ulisema ni wewe uliyemwita, ni wewe uliyemharakisha, watu wakusamehe. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nikiangalia viatu vyangu. Niliinamisha kichwa nikanyolewa.

Dada, Baba hakuwa anaaga. Alikuwa anapangusa kioo. Aliwasha hita niliyomwambia iko sawa, feni ikapuliza baridi tupu, kioo kikajaa ukungu, akabaki anapangusa kwa kiganja na huku anaendesha asikoona. Nilipokwenda kulivuta gari kutoka chini ya trela, nilikuta swichi ya hita imesukumwa mpaka mwisho, kwenye alama nyekundu. Niliirudisha kwa kidole changu kabla mtu hajaiona. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Kamukuywa, na aliyefika huko ni Baba.

Simu yako haikumuua. Ulimwita mzee kwenye shughuli ya mjukuu wake, basi.

Mwezi ujao ni kumbukumbu yake, nawe umesema hutakuja, ati huna uso wa kumtazama Mama. Njoo. Nimemwomba baba mdogo aulize lile swali mara ya pili. Alisema si desturi, kisha akakubali. Nitasimama. Sikutaka neno langu ulisikie kwanza mbele ya watu. Mama bado sijamwambia. Nitamnyang'anya ule mkono, na sijui atabaki ameshika nini.

Hita sasa inafanya kazi. Jana, mvua ikinyesha, niliiwasha nikaketi mahali pa Baba, madirisha yote yamefungwa. Kioo kilikauka chote, nikaona mpaka barabarani.

Msalimie shemeji, na Ivy umwambie nampenda. Kama huna la kunijibu, usijibu. Lakini njoo.

Ndimi mdogo wako,
Jotham